Mia Tisa, Saa Tatu

Sura ya Tisa

Inspekta hakuwa mwanamke wa kukosea mara kwa mara, na pengine ndiyo maana hakuwa na mazoea ya kukosea. Asubuhi hiyo, saa mbili na nusu, alipanda ngazi za maabara ya mifupa akiwa na bahasha ya majibu kwapani, na tayari alijua kwamba nusu ya kesi yake imekufa. Alikuja kuiokoa nusu iliyobaki.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuieleza. Mama mmoja, fundi cherehani, aling'olewa jino likaacha shimo kwenye taya, na madaktari wa meno wakalijaza shimo hilo kwa unga wa mfupa. Unga ule ulitengenezwa katika maabara hii kwa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa mpaka kila kilichokuwa nyama, mafuta na damu kikatoweka, ukabaki ule mchanga mweupe ambao mwili wa mtu huudhania ni wake. Wenye makoti meupe waliuita haidroksiapatiti. Wafagizi waliuita unga, na katika hili Inspekta alikuwa upande wa wafagizi. Wagonjwa ishirini na wawili walijazwa unga kabla ya yule mama na wote wakapona. Yeye taya lilivimba, likaoza, sumu ikaingia damuni, na siku ya kumi na moja akafariki. Unga wake ulitoka mkupuo wa kumi na saba, yaani uchomaji wa kumi na saba wa tanuri la maabara.

Fundi wa tanuri, mzee aliyeitwa na kila mtu Mzee Majivu, alikuwa rumande, leo siku ya kumi. Aliyemtia humo ni Inspekta mwenyewe. Muuza mifupa wa machinjioni alisema kwamba mzee aliwahi kumuulizia ng'ombe waliokufa wenyewe kwa ugonjwa. Hilo peke yake lilikuwa moshi tu. Moto ulionekana kwenye daftari la mlinzi wa getini: katika maelezo yake mzee alisema alikuwa akiuchoma mkupuo ule saa tatu asubuhi, ilhali mlinzi aliandika kwamba siku hiyo mzee alitoka saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na hakurudi mpaka saa saba mchana. Njia ya mwongo ni fupi, Inspekta alimwambia koplo wake, na mzee, waliyemchukua kwa pingu mbele ya wenzake ili ahojiwe, akabaki ndani. Siku hiyohiyo alimwambia mgane wa marehemu, aliyekuwa haondoki kwenye benchi la kituo, neno moja tu: tumempata. Mgane alishukuru, akaenda nyumbani kwake, na hakurudi tena kwenye benchi.

Sasa bahasha ilisema vingine. Maabara ilikuwa na desturi ya kuhifadhi kipande kibichi cha mfupa kwa kila mkupuo, na kipande cha mkupuo wa kumi na saba kilipimwa na wataalamu wa nje. Kilikuwa mfupa wa ng'ombe mzima, mwenye afya yake, aliyechinjwa kihalali. Kibudu hakikuwamo.

"Hata lile la kuulizia ng'ombe waliokufa, ni mimi niliyemtuma," alisema mkuu wa maabara. "Nilitaka kulinganisha mifupa. Baadaye nikaacha. Ungeniuliza ningekwambia."

Watu walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu mtu. Alikuwa mwanamke mrefu aliyezungumza kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye halali vizuri. Inspekta kweli hakuwa amemuuliza.

Kwa agizo la Inspekta, Daktari alikuwa akirudia kazi yote ya mkupuo wa kumi na saba, hatua kwa hatua. Alikuwa ameanza siku tatu kabla. Mifupa ya mapaja ilikatwa vichwa kwa msumeno, uboho ukatolewa, ikachemshwa mpaka nyama ikaachana na mfupa yenyewe, ikasuguliwa, ikaoshwa kwa magadi makali, ikakaushwa, ikakatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba na kupangwa kwenye vyungu vya kauri. Leo ilikuwa zamu ya tanuri. Daktari aliliwasha saa kumi na mbili asubuhi, kama ilivyokuwa siku zote, na sasa lilikuwa likinguruma kwenye kona ya chumba, kubwa kama kabati la nguo, huku tarakimu nyekundu za kipimo zikipanda taratibu mlangoni pake. Mia nane na ishirini.

Juu ya meza iliyokuwa kando ya tanuri palikuwa na glavu nene, koleo refu na miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi. Inspekta aliiokota.

"Ya Mzee Majivu," Daktari alisema. "Mlipomchukua iliachwa hapo. Sisi hatukuthubutu kuigusa."

Inspekta aliitia mfukoni. Daktari akampangia vipande vitatu vya mfupa juu ya karatasi: kimoja cheusi tii, cha pili cheupe nje na kijivu kati, cha tatu cheupe kote. Alieleza kwamba mfupa ukiingia motoni kwanza huwa mweusi, kwa sababu kilichomo ndani yake kinageuka makaa. Halafu makaa nayo yanaungua na mfupa unaanza kuwa wa kijivu, kutoka nje kwenda ndani. Ukiwa mweupe mpaka moyoni, umeiva.

"Kinachomaliza kijivu ni moto au muda?" Inspekta aliuliza.

"Vyote viwili. Lakini moto peke yake hautoshi. Kipimo kinasoma joto la tanuri, hakisomi moyo wa mfupa. Hata maharage, maji yanaanza kuchemka mapema, lakini maharage yenyewe hayajaiva."

"Na ule wa kumi na saba?"

Daktari alitandaza michoro miwili iliyotoka kwenye mashine ya mionzi. Wa mkupuo wa kumi na sita ulikuwa na vilele virefu, vyembamba, vilivyosimama imara. Wa kumi na saba ulikuwa na vilele vifupi na vinene, vimeegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Uwiano wa kalisi na fosforasi ulikuwa sawasawa, kwa hiyo mfupa haukuwa na kosa. Tatizo ni kwamba ndani yake kulikuwa na mabaki ya vitu vilivyotakiwa kuungua, na mwili wa yule mama uliyakuta mabaki hayo ukaanza kupigana nayo. Inspekta akasema kwamba basi nyama ilikuwa halali ila upishi mbovu. Daktari hakucheka.

"Michoro hii ilikuja lini?"

"Siku nne baada ya mgonjwa kujazwa unga."

Hapo Daktari aliacha kumtazama. Mashine ya mionzi haikuwa yao, alisema, foleni yake ilikuwa ya wiki mbili, na hospitali ya meno ilikuwa ikipiga simu kila siku. Mikupuo kumi na sita ilikuwa imepimwa na yote ikapita. Alijiuliza huu wa kumi na saba utakuwa na nini, akautoa kabla ya majibu. Alilisema hilo bila kujitetea, akiwa amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, na Inspekta aliandika kila neno, ingawa aliona vibaya kuliandika.

Kisha akaomba daftari la tanuri. Alikuwa amelipitia siku ya kwanza, lakini siku hiyo alikuwa akitafuta jina la fundi tu, na jina la Mzee Majivu lilikuwepo. Sasa alilisoma polepole, ukurasa baada ya ukurasa. Kila mkupuo ulikuwa na mistari mitatu, na mzee aliandika kwa herufi kubwa zilizokaa wima kama nguzo za ua. Kuwasha, 12. Kufika mia tisa, 3. Kuzima, 6. Ukurasa uliofuata vilevile. Tangu tanuri hili jipya lilipoanza kazi, ilikuwa kumi na mbili, tatu, sita, kama wimbo wa watoto. Alipofika mkupuo wa kumi na saba wimbo ulivunjika. Kuwasha, 12. Kufika mia tisa, 3. Kuzima, 3.

"Lilizimwa lilipofika tu," alisema Inspekta. "Halikukaa hata dakika tano."

Daktari alilivuta daftari karibu na macho. Ilionekana wazi kwamba hakuwa amewahi kuufungua ukurasa ule, na kwamba kuanzia leo hataacha kuufungua.

"Haiwezekani. Maagizo yako palepale mlangoni. Mzee anayajua, na hata asiyeyajua atayasoma."

Mlangoni pa tanuri, chini ya kipimo, palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya utepe. Daktari alieleza kwamba saa ya tanuri ya kujizimia yenyewe iliharibika wiki ya kwanza, ndipo alipoandika karatasi ile. Mwandiko wake ulikuwa safi: IKIFIKA 900, SAA 3, ZIMA.

Inspekta aliisoma na hakuona kosa. Aliisoma tena. Juu ya mlango wa chumba kulikuwa na saa ya ukutani, na alipoinua macho kuitazama akakuta ni saa tatu kasoro dakika mbili. Alirudisha macho kwenye kipimo. Mia nane tisini na nne. Alisubiri, na Daktari naye akasubiri bila kujua wanasubiri nini, mpaka tarakimu nyekundu zikasimama kwenye mia tisa na mshale mrefu wa saa ya ukutani ukasimama kwenye kumi na mbili. Tanuri lilikuwa limefika mia tisa. Ilikuwa saa tatu. Karatasi ilisema zima.

"Nisomee karatasi yako," Inspekta alisema.

"Ikifika mia tisa, saa tatu, zima. Maana yake muda wa saa tatu, bila shaka."

"Bila shaka kwa nani?"

Daktari alifungua mdomo, akatazama saa ya ukutani, akaufunga. Alikaa kwenye kiti cha mzee kilichokuwa mbele ya tanuri.

"Nilitaka kuandika masaa matatu," alisema baadaye. "Kalamu ilikuwa mkononi. Nikajiambia masaa si Kiswahili sanifu, mwalimu wangu alikuwa akitukata alama kwa neno hilo. Nikaandika saa tatu." Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, kama anayemwambia mtu mwingine. "Ningeandika kama watu wanavyosema sokoni, yule mama angekuwa anashona leo."

Inspekta alimwonea huruma, na huruma ilimkera kwa sababu kazi haikuwa imekwisha. Mzee Majivu aliijua maana ya karatasi ile. Kurasa zote za kabla na za baada zilikuwa ushahidi. Kwa hiyo aliyezima hakuwa yeye. Inspekta aliurudia ukurasa wa kumi na saba. Herufi za jina la mzee zilikuwa zimelala kidogo upande wa kulia, na zile tarakimu mbili za 3 zilikuwa na kichwa bapa, kama zimekatwa kwa kisu. Tatu za namna hiyo alikuwa amekwisha kuziona asubuhi hii. Alitoka, akapita ujiani mpaka mlango wa choo, ambapo palitundikwa ratiba ya usafi: saa 1, saa 3, saa 8, na sahihi ya msafishaji kila mstari. Tarakimu za 3 zote zilikuwa na kichwa bapa.

Msafishaji alikuwa chumba cha stoo akikamua tambara. Walimwita Mama Usafi. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye mdomo, na siku ya kwanza ya upelelezi alimwambia koplo apanguse viatu kabla ya kupeleleza sakafu yake. Leo alimpa Inspekta ndoo iliyogeuzwa akalie, naye akabaki amesimama. Inspekta alimuuliza kama anamfahamu Mzee Majivu.

"Nimfahamu? Yule ni mkwe wangu. Binti yake kaolewa na mwanangu wa pili. Siku ile ya mkupuo wenu ndiyo tumepata mjukuu."

Akaisimulia siku ile mwenyewe, bila kusukumwa, maana ilikuwa siku ya furaha kwake. Alfajiri, binti alishikwa na uchungu na damu ikamtoka nyingi. Kliniki ya karibu haikuwa na damu ya kundi lake, na aliyekuwa na damu hiyo ni baba yake. Simu iliingia mzee akiwa ndiyo kwanza amewasha tanuri. Alisimama katikati ya chumba akazunguka kama kuku aliyepigwa jua, akaona hakuna mtu maabara nzima ila mkwe wake na ufagio. Akamwambia, mkwe, nishikie tanuri, karatasi iko mlangoni, fuata karatasi. Akatoka mbio na koti lake la kazi.

"Na ukafuata?"

"Nikafuata. Mimi nasoma, mama, darasa la saba nilimaliza. Nilikaa mbele ya lile dude nisitoke hata kwenda kunywa maji. Likafika mia tisa, nikaangalia saa, saa tatu kamili. Nikasema makubwa, hawa watu wana hesabu. Nikazima. Nikaandika kwenye daftari jina lake, maana zamu ni yake."

"Mzee aliporudi aliuliza nini?"

"Aliniuliza, mkwe, ilikuwa saa tatu? Nikamwambia saa tatu kamili, kama karatasi ilivyosema. Akanishukuru. Akaniambia ni wa kike, na mama yake mzima." Alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mgeni wake hacheki. "Kwa nini unaniuliza habari za tanuri? Si mlisema alileta mifupa ya kibudu?"

Inspekta alisema kwamba hapakuwa na kibudu. Alitaka kuishia hapo. Angeweza kuchukua maelezo, kuweka sahihi na kuondoka, na mwanamke huyu angeendelea na tambara lake. Lakini alikuwa amezoea kumaliza, na maelezo yalikuwa na pengo moja ambalo sheria ingeliuliza: je, alijua?

"Ile saa tatu ilikuwa ni muda," alisema. "Ilitakiwa likae kwenye mia tisa kwa masaa matatu, ndipo lizimwe saa sita."

Mama Usafi alilitafakari hilo kwa haki yote, kama mtu anayehukumu ugomvi wa wengine.

"Kama walitaka masaa matatu, si wangeandika masaa matatu?"

Ndipo lilipomfikia. Inspekta aliliona likifika, kwanza machoni, halafu mikononi. Lile tambara lilianguka ndani ya ndoo. Alikaa chini sakafuni palepale kwenye maji, akauliza kama yule mama fundi cherehani alikuwa na watoto. Inspekta akajibu kwamba alikuwa nao watatu. Alimuuliza tu, kwa sababu ilimbidi, kwa nini hakusema mapema kwamba ndiye aliyekuwa na tanuri.

"Hakuna aliyeniuliza," Mama Usafi alisema. "Mliwauliza wenye makoti."

Rumande haikuwa mbali. Njiani, akiwa kiti cha nyuma, Inspekta alilifungua jalada ili aone mzee alidanganya kwa nini. Sasa ilikuwa rahisi kukisia: mtu hamtaji mkwe wake polisi, hata kwa viboko. Lakini bado uongo ulikuwa uongo, alisema alikuwa akichoma saa tatu asubuhi na hakuwepo. Inspekta alifunua karatasi safi iliyopigwa chapa, akafunua na ile iliyokuwa chini yake, ambayo koplo aliandika kwa mkono wakati wa mahojiano. Hakuwa ameisoma tangu siku ile.

Swali: Mkupuo wa kumi na saba uliuchoma saa ngapi?

Jibu: Saa tatu, kama siku zote.

Alilisoma swali lake mara nyingi kuliko alivyoisoma karatasi ya Daktari. Mzee alikuwa ameulizwa muda, au ndivyo alivyosikia, akajibu muda. Neno asubuhi halikuwemo kwenye mwandiko wa koplo. Lilikuwa kwenye karatasi safi tu, na karatasi safi aliipiga chapa Inspekta mwenyewe, jioni ile, akiweka sentensi sawa ili mwanasheria asome vizuri. Nilikuwa nikichoma saa tatu asubuhi, kama siku zote. Chini yake palikuwa na sahihi ya mzee, kubwa, imetoka nje ya mstari, sahihi ya mtu asiyekuwa na miwani yake.

Walimleta kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa shati lilelile. Amepungua. Inspekta alimpa miwani kabla ya salamu, akaona aibu, akasalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umeniletea macho." Aliivaa, akaurekebisha ule mkono wa uzi nyuma ya sikio, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe wewe bado mdogo."

Inspekta alimweleza yote bila kupamba: karatasi, daftari, lile neno asubuhi. Alisema kwamba neno hilo lilikuwa lake na kwamba ndilo lililomweka mzee hapa siku kumi. Alisema samahani, neno ambalo chumba kile hakikuwa kimelizoea. Mzee alilisikiliza akitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Alisema neno moja si kitu, yeye ana lake kubwa zaidi.

"Kesho yake nilipofungua tanuri, vipande juu vilikuwa vyeupe. Nikavunja kimoja, kati pana kivuli. Nikafuta miwani. Nikavunja kingine, kivuli. Miaka thelathini nachoma mifupa, mama, naijua rangi kuliko uso wangu. Lakini nilikuwa babu wa siku moja. Nikajiambia ni macho ya uzee, nikasaga. Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwangu vyote viwili vilikuja pamoja."

"Ulijua lini kwamba ni ile karatasi?"

"Siku ya tatu humu ndani. Mtu akikosa la kufanya hupiga hesabu. Nilimuuliza mkwe wangu ilikuwa saa tatu, akaniambia saa tatu kamili. Nikajiuliza, nani husema kamili kwa muda?"

Kwa hiyo alikuwa ameitatua kesi siku saba kabla ya mpelelezi wake. Inspekta alimuuliza kwa nini basi hakumwita mtu akasema. Mzee akauliza yeye.

"Mkwe wangu anajua?"

"Anajua. Nimemwambia asubuhi hii."

Mzee Majivu alivua miwani, akaikunja, akaiweka mezani kana kwamba amekwisha kuona vya kutosha.

"Ungeniacha humu," alisema.

Inspekta alisema kwamba asingeweza, sheria hairuhusu, mtu asiye na hatia hawezi kukaa ndani. Mzee alisema anaelewa. Lakini yeye ni mtu wa miaka sitini na nane, alisema, na rumande kuna kivuli na chakula mara mbili. Mkwe wake ndiye anayemwogesha mtoto kila siku jioni. Alitaka amwogeshe kwa mikono isiyojua kitu.

Karatasi za kumtoa zilichukua muda. Askari wa kaunta aliuliza aandike ametoka saa ngapi, na Inspekta akamwambia aandike saa tano na robo, na aandike asubuhi. Daktari angeandika maelezo yake mchana, na jalada lingekwenda kwa mwanasheria bila mshtakiwa wa kuaminika. Inspekta alijua litarudi na maneno mawili, bahati mbaya, kama vile bahati ndiyo iliyoshika kalamu.

Mama Usafi alikuwa nje ya geti. Alikuwa amekuja na aproni yake ya kazi, nyuma bado imelowa. Mzee alipomwona alisimama hatua sita mbali, kwa adabu ya wakwe, akiwa na kifurushi chake mkononi.

"Mtoto hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Ameanza kucheka."

"Anamchekea nani?"

"Kila mtu. Hana ubaguzi."

Gari lilipita, wakaliacha lipite kana kwamba lina la kusema.

"Mkwe," Mzee Majivu alisema, "wewe ulifuata karatasi. Rangi niliiona mimi."

"Uliiona?"

"Niliiona. Kwa macho haya. Nikaisaga."

Mama Usafi alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta kama ni kweli au ni zawadi. Kisha akamsogelea, akachukua kifurushi mkononi mwake, na wakaondoka pamoja kando ya ukuta, yeye mbele na mzee nyuma.

Inspekta alibaki getini. Palikuwa na sentensi ya tatu, yake yeye, ya kukiri lile neno asubuhi, ambayo ilipaswa kusemwa pale ili mzigo ugawanyike vizuri, na alikuwa ameichelewesha mpaka hawamsikii tena. Koplo alimuuliza wanaenda wapi. Akamwambia nyumbani kwa yule mgane. Kulikuwa na neno alilompa siku kumi zilizopita ambalo ilibidi akalichukue, tumempata, na njia nzima hakupata pa kuanzia.